Mwanamke wa Mtabila

Mtoto mchanga akikonda mjini Kibondo, watu hawamtazami mtoto. Wanamtazama baba. Wanamtazama kuanzia viatu hadi kofia, wanaguna kidogo, kisha wanaagiza walichokuja kununua.

Tamimu aliyajua hayo, maana na yeye aliwahi kuwatazama baba za watu namna hiyo. Hakudhani kama zamu yake ingefika. Mkewe Nasma alipojifungua mtoto wa kiume, Mudathiri, duka lake la vipuri vya baiskeli lilijaa pongezi kuliko wateja. Sasa mtoto alikuwa anaingia wiki ya tatu na pongezi zilikuwa zimekauka. Watu walinunua mnyororo, wakalipa, wakaondoka. Hakuna aliyeuliza, "Mtoto hajambo?" Na mtu asipokuuliza habari za mwanao, ujue anazo tayari.

Aliyethubutu kusema ni Saady peke yake, fundi cherehani aliyeshonea kwenye baraza ya duka hilo, na angenyamaza ingekuwa heri.

"Sheikh Tamimu," alisema bila kuinua macho, "mwanamume akiwa na mzazi ndani hutulia. Hata beberu hupumzika."

"Unamaanisha nini?"

"Simaanishi kitu. Nashona."

Neno lenyewe hakulitamka. Kubemenda. Wasemavyo ni kwamba baba akitoka nje ya ndoa mama akiwa bado kwenye arobaini, kisha akarudi akambeba mwanawe, mtoto hunyauka kama mche uliomwagiwa maji ya moto. Saady alikuwa na hakika na jambo hilo kama alivyokuwa na hakika na vipimo vya suruali zake, ambazo nazo zilirudishwa kila mara.

Tamimu hakuwa ametoka nje. Tangu aoe, macho yake yalikuwa yamelala nyumbani, na hata hakujisifia kwa hilo. Lilikuwa hivyo tu. Lakini usafi wa mtu haunuki, na uchafu wa kusingiziwa unanuka mtaa mzima.

Nyumbani, mambo yote ya uzazi yalikuwa mikononi mwa mama yake. Bi Mwamvua alikuwa amezaliwa na kufundwa Ujiji, akaletwa Kibondo kama bibi harusi, na hakuwahi kuisamehe baridi ya milima hii. Kila asubuhi alimkanda mkwewe kwa maji ya moto, akamnywesha uji wa pilipili manga, kisha akamfunga mkaja. Ujiji mkaja hufungwa tumboni ukaishia hapo. Lakini Bi Mwamvua aliamini kwamba baridi ya Kibondo ikilipiga ziwa, maziwa huganda. Kwa hiyo alianzia kiunoni, akapanda na kitenge chake kizuri kuliko vyote hadi kifuani, akakikaza kwa goti mpaka Nasma akawa anapumua kwa awamu.

Mudathiri naye alifungwa blanketi mbili akabaki pua. Wakati wa kunyonya, Nasma alilazwa ubavu, ziwa likachomolewa juu ya kitenge, na kile kifurushi kikasogezwa kando yake, tumbo la mtoto likielekea darini na shingo imegeuzwa kulifuata ziwa. Ilikuwa kazi ya upendo; hilo lazima lisemwe. Tangu mjukuu azaliwe, Bi Mwamvua hakuwa ameshiba wala kulala.

Tamimu aliingia akamkuta mkewe ameshika ukingo wa kitanda, machozi yanamtoka. Mtoto alivuta kidogo, akaachia, akalia, akavuta tena. Chuchu ilikuwa imechanika, na kwenye shuka palikuwa na tone la damu.

"Mpe basi upande wa pili," alisema Tamimu.

"Ule ndio mbaya zaidi."

"Lakini maziwa yapo?"

"Yapo. Mwanzoni yalikuwa yanavuja mpaka yanalowesha kitenge. Siku hizi hata kuvuja yamepunguza." Nasma alishusha sauti ili mama mkwe asisikie. "Labda ni maji tu, Baba Mudathiri. Labda mimi ndiye mbovu. Wenzangu wote wananyonyesha, hata wale tunaowacheka kwamba hawajui kupika."

Mtoto alichoka kulia akalala. Bi Mwamvua akaja na kijiko, akamtilia mdomoni maji ya glukosi kama alivyozoea. Tamimu aliufungua mguu mmoja kutoka kwenye blanketi akautazama. Ngozi ya paja ilikuwa imelegea, kama soksi ya kaka mkubwa. Aliufunika haraka.

*

Siku hiyo baada ya alasiri mama yake alimwita uani, akamkalisha kwenye kigoda kama mtoto wa madrasa. Mbele yao palikuwa na mizizi imefungwa kwenye gazeti.

"Tamimu, mie ndiye niliyekuzaa. Nimekuona utupu; leo usinionee haya."

"Sema, mama."

"Hii ni dawa ya kumwogesha mtoto. Lakini haiwi dawa mpaka mwenye kosa aseme kwa kinywa chake. Juu ya uongo inakuwa maji tu."

"Mama, sijafanya kitu."

"Ndivyo wasemavyo wote."

"Wallahi, mama..."

"Usiape! Usiape, utamwongezea mtoto!" Bi Mwamvua alijifunika uso kwa khanga. Alipoufunua, ulikuwa umelowa. "Weye umemwona miguu yake? Umemwona? Mie nikimwogesha nafumba macho."

Tamimu alikuwa amemwona. Kutoka ndani kilisikika kilio cha Mudathiri, na kilikuwa kimekuwa kidogo, kama cha paka aliyefungiwa stoo. Akawaza hivi: nikishikilia ukweli wangu, nitabaki mtu safi. Nitakuwa mtu safi ninayemshusha mwanangu kaburini kwa mikono miwili. Heshima hiyo ni ya nini, na nitaivaa nikienda wapi?

"Nikisema, atapona?"

"Atapona, inshallah."

"Basi ni kweli. Nilitoka nje."

Bi Mwamvua alivuta pumzi ndefu. Usoni pake hasira na nafuu viligombana, nafuu ikashinda. "Na nani?"

Hilo Tamimu hakuwa amejiandaa nalo. Alikipekua kichwa chake chote kama mtu anayepekua mfuko mtupu. "Mwanamke... wa Mtabila."

"Mtabila? Mtabila ya kule Kasulu?"

"Ndiyo."

"Ndiyo maana! Ile siku uliyofuata mali Kasulu ukalala, ukaniambia basi limeharibika!"

Basi liliharibika kweli, na Tamimu alikuwa amelala ndani yake na magunia ya watu. Hakubisha. Aliinua macho akaona pazia la mlango wa chumbani linatikisika, kisha likatulia. Nasma alikuwa amesimama nyuma ya pazia hilo na alikuwa amesikia kila neno. Hakutoka, hakulia, hakuuliza. Kimya hicho kilimuuma Tamimu kuliko kofi.

Mtoto aliogeshwa, akafungwa kamba kiunoni. Tamimu alihamishiwa stoo ya dukani, akalala kati ya matairi. Bi Mwamvua, ambaye siri ya namna hiyo aliona ni dhambi kuila peke yake, alimwomba jirani mmoja amwombee mwanawe dua, na jirani akawaomba wengine. Kufika adhuhuri ya kesho yake Saady alikuwa ameacha cherehani akampa mkono.

"Afadhali umekiri. Mwanamume ni kukiri."

Mzee mmoja mnunuzi wa spoku, mtu wa swala tano, alimvuta pembeni akamnong'oneza, "Mtabila sehemu gani hasa?"

*

Dawa haikufanya kitu. Kilichobadilika ni kwamba Mudathiri aliacha kulia sana, na Bi Mwamvua akasema, "Mnaona, ametulia." Lakini utulivu ule haukuwa mzuri. Hakuwa na nguvu ya kulia.

Asubuhi iliyofuata alifika mama yake Nasma kutoka Kumsenga, Maximilla, na mkungu wa ndizi kichwani na unga wa mtama mkononi, kuja kumpongeza mzazi. Mama huyu wa asili ya Burundi alikuwa Mkristo, na binti yake alipoolewa na kusilimu alilipokea jina jipya bila neno, ila yeye mwenyewe hakuwahi kulitumia.

"Esteri wanje yuko wapi?"

Alimkuta binti yake anatetemeka chini ya mablanketi, meno yanagongana. Akamgusa paji la uso, akarudisha mkono kama aliyegusa sufuria.

"Mana yanje! Mungu wangu, mwanangu anaungua!"

"Ni homa ya baridi, mkwe," alisema Bi Mwamvua. "Nitamkazia mkaja."

Maximilla alifungua kile kitenge, mzunguko baada ya mzunguko, nacho kilikuwa kirefu kweli. Kilipofika mwisho wote wakaona. Ziwa la kushoto lilikuwa limefura, gumu, upande mmoja umewiva wekundu. Nasma alipumua pumzi nzima kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, na pumzi hiyo ikatoka na kilio.

"Mimi sijui ni ugonjwa gani," alisema Maximilla. "Najua tu hapa si pa kukaa. Twende hospitali."

"Arobaini haijaisha! Mzazi hatoki nje, mkwe, atapigwa na upepo. Na mtoto je? Na watu watasema nini?"

Mama hao wawili walisimama kila mmoja upande wake wa kitanda. Tamimu alikuwa mlangoni, ameitwa kutoka dukani, na harufu ya mpira wa matairi bado iko kwenye shati. Maisha yake yote hajawahi kumvunjia mama yake neno. Hata uongo wenyewe aliousema, aliusema kwa utiifu.

"Watasema nini kingine, mama?" aliuliza taratibu. "Walichobakiza ni kipi? Anatoka. Nimekwisha kusimamisha bajaji."

*

Hospitali ya wilaya walipokewa na muuguzi kijana aitwaye Zuhra. Alimpima mtoto uzito, kisha akampima tena. Daktari alimwona Nasma, akasema ziwa limeshika uvimbe, akaandika dawa. Kisha Zuhra akasema jambo ambalo hakuna aliyelitegemea.

"Mnyonyeshe nione."

"Hapa?" Nasma alimtazama mumewe.

"Hapa. Kama mnavyofanya nyumbani."

Nasma alilala ubavu, akasogeza kifurushi. Zuhra aliangalia kidogo tu. Akamtoa mtoto, akayafungua mablanketi yote mawili, Mudathiri akabaki na kifulana. Akamketisha Nasma, akamwekea mto mgongoni, akamgeuza mtoto mzima mzima hadi tumbo lake likagusana na tumbo la mama.

"Wewe ukigeuza shingo pembeni hivi unaweza kumeza ugali? Jaribu, baba."

Tamimu alijaribu kumeza mate. Hayakupita vizuri.

"Sasa, ona mdomo wake. Alikuwa anashika chuchu peke yake. Maziwa hayakai kwenye chuchu, chuchu ni mlango tu. Akiitafuna inachanika, mama anaumia, anamtoa mapema, mtoto anabaki na njaa. Subiri apanue. Bado... bado... apanue kama anapiga miayo. Haya, mlete, ashike mpaka kwenye weusi, kidevu kiguse ziwa."

Nasma alikunja uso akingojea maumivu. Yalikuja, yakapungua.

"Na kitenge?" aliuliza Maximilla.

"Kitenge kimebana njia. Maziwa yakikosa kutoka, ziwa hufura na kushika moto, halafu mwili unadhani hayatakiwi, unapunguza kuyatengeneza. Na hayo maji ya glukosi yanamjaza tumbo, hayamjengi. Usiache kumnyonyesha hata ziwa hili linalouma. Ukiliacha, ndipo litageuka jipu."

Mlango ulifunguliwa. Bi Mwamvua aliingia na chupa ya uji kwapani, anahema, viatu vimejaa vumbi jekundu. Alikuwa ameapa hatakuja. Alikuja kwa miguu.

"Muuguzi, mwanangu," alisema kabla ya salamu, "na kubemenda je? Umemwangalia kubemenda?"

Tamimu aliinamisha kichwa. Zuhra angeweza kucheka, na wapo ambao wangecheka. Hakucheka.

"Bibi, mimi kazi yangu ni kupima. Nimempima. Ana njaa."

"Njaa tu?"

"Njaa tu. Hebu nyamazeni msikie."

Wakanyamaza wote. Mudathiri alivuta, akavuta, akatua. Kisha kikasikika kitu kidogo kooni mwake, klu. Akavuta tena. Klu. Klu.

"Anameza," alisema Zuhra. "Mlikuwa mmewahi kuisikia sauti hiyo?"

Hakuna aliyekuwa amewahi. Bi Mwamvua alikitazama kitenge chake kilichokunjwa juu ya meza, kitenge alichokitunza sandukuni kwa ajili ya mjukuu wa kwanza, akakaa chini sakafuni palepale.

"Ni mie," alisema. "Yaa Rabi, ni mie niliyemfunga chakula chake."

Maximilla alikwenda akakaa sakafuni karibu naye, ingawa benchi lilikuwa tupu. "Mkwe, usijilaumu hivyo. Humu ndani hakuna aliyetaka mtoto afe. Uji huo ni wa Esteri? Lete, tumpe."

Bi Mwamvua alifungua chupa. Ghafla akakumbuka jambo, akageuka.

"Tamimu! Na yule mwanamke?"

"Hayupo, mama."

"Ulinidanganya?"

"Ulisema haiwi dawa mpaka niseme."

Bi Mwamvua alimpiga mwanawe kwa ncha ya khanga begani, mara nyingi, na alikuwa analia na kumwombea dua kwa pumzi hiyohiyo.

*

Walilazwa hapo siku chache. Nasma alimeza dawa, akakamua ziwa lililouma, na maziwa yaliyokamuliwa Mudathiri akanyweshwa kwa kikombe kidogo, tone kwa tone. Maximilla alilala chini ya kitanda. Bi Mwamvua alileta chakula asubuhi na jioni, na siku ya kuruhusiwa alimshika mwenzake mikono miwili akamwambia, "Murakoze." Alikuwa amekaa Kibondo miaka mingi, amezungukwa na Kiha na Kirundi, na hilo lilikuwa neno la kwanza alilokubali litoke mdomoni mwake. Alilitamka vibaya. Maximilla alilipokea kama lilivyo, akamwambia shukrani ni za Mungu.

Lakini uongo ukishatoka ndani hauna adabu ya kurudi wenyewe. Bi Mwamvua aliufuata. Alikwenda kukaa kwenye baraza ya duka, kwenye benchi la Saady, na kila mteja aliyefika alimsimamisha.

"Mwanangu hakutoka nje. Nasema mie mama yake. Kosa lilikuwa mkaja, nao niliufunga mie kwa goti langu hili."

"Lakini si alikiri mwenyewe, bibi?" aliuliza Saady.

"Alikiri ili mwanawe aishi. Weye kwa ajili ya mwanao ungekubali kuitwa nini?"

Saady alifikiri, mguu ukasimama kwenye cherehani. Baadaye alishona kifulana cha mtoto akakileta bila kudai, na kilikuwa kikubwa mno, lakini safari hii hakuna aliyekirudisha.

*

Jua la alasiri lilikuwa limeingia hadi katikati ya chumba. Nasma aliketi na mto mgongoni, mtoto tumbo kwa tumbo naye, na lile paja lililolegea lilikuwa limeanza kujaa. Tamimu alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameacha duka wazi bila mtu, kwa sababu tangu asikie ile klu amekuwa mlevi wake.

"Baba Mudathiri," alisema Nasma. "Siku ile uani nilijua unadanganya."

Tamimu aligeuka. "Siku ileile?"

"Palepale, nyuma ya pazia."

"Na ukanyamaza? Mama ananifukuza nikalale na matairi, watu wananinong'ona, na unajua?"

Nasma alimtazama mtoto, si yeye. "Nilitaka iwe kweli. Nilikaa pale nikiomba iwe kweli. Kama kosa ni lako, basi si la maziwa yangu. Nisamehe. Nilikuacha ulibebe peke yako."

Tamimu alijipapasa kifuani kutafuta hasira, akakuta haipo. Alikuta shukrani tu, imejaa. Kwa muuguzi yule, kwa mkungu wa ndizi uliotoka Kumsenga, kwa mama yake na viatu vyake vya vumbi, na kwa mwanamke huyu ambaye amemwambia ukweli wakati angeweza kuuzika.

"Yamekwisha," alisema. "Lakini ulijuaje? Mama mzazi aliamini. Mtaa mzima uliamini."

"Ulisema mwanamke wa Mtabila."

"Ndiyo."

"Mimi nimezaliwa wapi?"

Tamimu alikumbuka. Nasma alikuwa amemwambia siku za uchumba, na alimwambia yeye peke yake, ili watu wasije wakamwita mkimbizi: kwamba alizaliwa Mtabila, enzi hizo ikiwa kambi, kabla baba yake hajawachukua kuwapeleka Kumsenga.

"Uliulizwa mwanamke," alisema Nasma, na sasa alikuwa anacheka na machozi yanamdondokea mtoto kichwani, "ukatafuta kichwa chako chote, ukanikuta mimi."

Walicheka mpaka Bi Mwamvua akaita kutoka uani, "Nyie, kuna nini humo? Tulieni, mtoto anyonye!" Wakatulia. Klu, alisema Mudathiri. Klu. Klu.